Mpango wa Taifa wa Kupambana na UKIMWI

Umekwisha kujifunza kwamba damu yetu ina chembechembe nyeupe. Kazi yake ni kupigana na vijidudu vinavyoingia mwilini. Virusi vya UKIMWI, ambavyo kwa kifupi huitwa VVU, hushambulia chembechembe hizo hizo. Zinapopungua sana, mwili hukosa kinga, na magonjwa kama kifua kikuu huupata kwa urahisi. Hali hiyo ndiyo iitwayo UKIMWI.

Mtu mwenye VVU anaweza kukaa miaka mingi bila dalili yoyote. Huwezi kumtambua kwa kumtazama, na pengine yeye mwenyewe hajijui. Kwa hiyo familia moja au hospitali moja haiwezi kuuzuia ugonjwa huu peke yake. Taifa zima linahitaji mpango.

Jinsi mpango ulivyoanza

Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa na wagonjwa. Wizara ya Afya ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti UKIMWI. Hata hivyo, ugonjwa uliendelea kuua wakulima, walimu na wafanyakazi, na watoto wengi wakawa yatima. Ikaonekana wazi kwamba kazi hii si ya wizara moja tu. Mwaka 2001 serikali ilitoa Sera ya Taifa ya UKIMWI, na Tume ya UKIMWI Tanzania ikaundwa ili kuunganisha juhudi za wote. Zanzibar iliunda tume yake mwaka 2002. Kamati za UKIMWI ziliundwa pia katika halmashauri, kata na vijiji.

Kuziba njia za VVU

Mpango mzuri huanza kwa kujua adui hupita wapi. VVU vina njia kuu tatu, na kila njia ina hatua yake ya kuiziba.

1. Kujamiiana. Vijana hufundishwa kusubiri, na watu wazima kuwa waaminifu au kutumia kondomu.

2. Damu yenye VVU. Damu hupimwa kabla ya mgonjwa kuongezewa. Sindano na nyembe hazitumiwi na watu wawili.

3. Kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, wakati wa ujauzito, kuzaa au kunyonyesha. Mama mjamzito hupimwa kliniki. Akiwa na VVU hupewa dawa, na mtoto wake anaweza kuzaliwa na kukua bila virusi.

Wale walioambukizwa hawaachwi. Tangu mwaka 2004 serikali ilianza kutoa dawa za kupunguza makali ya VVU bila malipo. Dawa hizi haziviondoi virusi vyote mwilini, bali huvizuia visizaliane. Anayezitumia kila siku kama alivyoelekezwa huweza kufanya kazi na kulea watoto wake.

Kazi bado haijakwisha. Uchunguzi wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba, kwa wastani, katika kila watu 1,000 wenye umri wa miaka 15 na zaidi, 44 walikuwa na VVU.

Sehemu yako

Mtu akiogopa kuchekwa, hatakwenda kupima. Asipopima, hatapata dawa. Hivyo dharau huweza kuuharibu mpango wote. Sheria ya mwaka 2008 inakataza kuwabagua wenye VVU. Nawe kumbuka: VVU haviambukizwi kwa kupeana mikono, kula pamoja, kuketi dawati moja wala kuumwa na mbu. Mwenzako mwenye VVU acheze nawe na asome nawe.

Maswali

1. Kwa nini huwezi kumtambua mwenye VVU kwa kumtazama?
2. Taja njia tatu za kuenea kwa VVU. Kila moja huzibwaje?
3. Kwa wastani huo, watu wangapi kati ya 500 walikuwa na VVU?
4. Eleza jinsi dharau inavyosaidia ugonjwa kuenea.