Mazoea ya rubani na katoni zinazobaki uwanjani

MKULIMA wa waridi kule Naivasha huanza kuhesabu saa punde tu ua linapokatwa. Katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, rubani naye huwa na hesabu yake, nayo ni ya kilo.

Uwanja huo uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko juu ni nyepesi, hivyo injini hupungukiwa nguvu na ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Joto la mchana huzidisha tatizo hilo. Ndiyo maana ndege nzito inayokwenda mbali hunufaika ikiondoka usiku, wakati wa baridi.

Uwanja wa Addis Ababa uko juu zaidi, mita 2,300 na ushei, lakini una barabara mbili za kurukia. Ule wa Nairobi una moja tu. Ndege ikikwama hapo katikati, nyingine husubiri angani au hugeuzwa kwenda Mombasa, Entebbe au Kilimanjaro.

Schiphol, Amsterdam, ambako maua mengi ya Kenya hushukia, uko mita 3 hivi chini ya usawa wa bahari na una barabara sita. Hata hivyo, una usumbufu wake. Barabara iitwayo Polderbaan, iliyofunguliwa mwaka 2003, iko mbali hivi kwamba ndege ikishatua huenda ikatambaa zaidi ya dakika 10 kabla ya kuegeshwa. Ukungu na upepo nao huvuruga ratiba.

Hapa ndipo mazoea huwa na thamani. Rubani aliyetua Schiphol mara nyingi anajua msongamano huanza lini na upepo fulani humpeleka barabara gani. Mgeni hana uhakika huo, na njia rahisi ya kujikinga ni kuongeza mafuta.

Sheria humtaka kila rubani abebe mafuta ya safari, akiba kidogo juu yake, ya kufika uwanja mbadala, na ya dakika 30 za mwisho. Zaidi ya hapo, rubani mkuu huongeza kwa uamuzi wake. Ndege ikiwa tayari imefika kikomo cha uzito, kila tani ya mafuta anayoongeza ni tani ya mzigo inayobaki. Tena, katika safari ya saa 8 hivi hadi Amsterdam, karibu robo ya mafuta hayo ya ziada huteketea kwa kujibeba yenyewe.

Mzoea punda hapandi farasi, na mazoea yana hatari yake. Taa zaweza kuwa zimezimwa leo au njia kufungwa tangu jana. Kwa hivyo hata rubani anayeondoka uwanja wa nyumbani hulazimika kusoma ilani za siku hiyo.

Kwa mkulima au mfanyabiashara mdogo, bei ya kilo peke yake haitoshi. Muulize wakala wako: ndege huondoka saa ngapi? Uzito ukizidi, mzigo wa nani hushushwa kwanza? Ukibaki, utalala kwenye chumba cha baridi au juani? Maua yaliyolala juani hayana mnunuzi, hata nauli ikiwa nafuu kiasi gani.