Nani Atalipuka? Mashabiki, Ubashiri na Anguko la Heroes

Mwishoni mwa mwaka 2006 Wamarekani walikuwa na sababu za kutosha za kuogopa mabomu. Vita vya Iraki vilikuwa vimepamba moto, na tarehe 9 Oktoba Korea Kaskazini ilifanya jaribio lake la kwanza la nyuklia. Lakini kila Jumatatu usiku mamilioni yao walikaa mbele ya runinga na kubishana kuhusu bomu jingine kabisa. Lingeiteketeza New York tarehe 8 Novemba, na bomu lenyewe lilikuwa binadamu. Kilichobaki ni kujua ni nani.

Tamthilia hiyo ni Heroes. NBC ilianza kuirusha tarehe 25 Septemba 2006, na usiku wa kwanza ilipata watazamaji takriban milioni 14. Mtunzi wake, Tim Kring, alikuwa amejijengea jina kwa Crossing Jordan, tamthilia ya daktari anayechunguza maiti, na hakuwa mtu wa vitabu vya katuni. Pengine ndiyo maana hakuanza na kofia za chuma wala mavazi ya kubana. Alianza na watu wa kawaida: Hiro Nakamura, mfanyakazi wa ofisini Tokyo anayegundua kwamba anaweza kusimamisha muda, Claire Bennet, binti wa sekondari mjini Odessa, Texas, ambaye majeraha yake hufunga papo hapo, Peter Petrelli, muuguzi, na kaka yake Nathan, mgombea wa Bunge anayeruka angani na kuona aibu kwa hilo. Katikati yao yumo Isaac Mendez, mraibu wa heroini anayechora mambo yajayo.

Huyo Isaac ndiye aliyewapa mashabiki kazi. Picha zake, zilizochorwa kwa kweli na msanii wa katuni Tim Sale, zilitimia bila kukosea, ila zilionyesha tukio na kuficha sababu yake. Mojawapo ilimwonyesha Peter amelala chini, amekufa, katika shule ya Claire. Watu waliumiza vichwa: je, stelingi anaweza kufa kabla msimu haujafika nusu? Sehemu ya tisa ilipofika, Peter alianguka kutoka juu na kulala pale pale picha ilipomlaza. Kisha akaamka. Uwezo wake ni kunyonya nguvu za walio karibu naye, na Claire alikuwa hatua chache tu pembeni. Picha haikudanganya, na waliobashiri kifo hawakuwa wajinga. Walikuwa na ushahidi sahihi ila walipungukiwa na kipande kimoja, nacho kilikuwa kimewekwa mbele yao tangu sehemu zilizotangulia. Huo ndio ufundi wa mchezo huu, na katika miezi ile ya mwanzo Heroes iliucheza vizuri kuliko tamthilia nyingi za wakati wake.

Bomu nalo lilikuwa na washukiwa wake. Alikuwapo Ted Sprague, mtu anayetoa mionzi mwilini bila kupenda. Alikuwapo Sylar, muuaji ambaye vipindi vya mwanzo vilimwonyesha kama kivuli tu, kabla hatujafahamu kwamba alikuwa fundi saa aitwaye Gabriel Gray na kwamba huiba nguvu za anaowaua. Na alikuwapo Peter mwenyewe, aliyeota ndoto za mikono yake ikiwaka. Kila mshukiwa alikuwa na hoja zake, na kila wiki hoja moja ilipanda na nyingine ikashuka. Wasomaji wa Watchmen, kitabu cha katuni cha Alan Moore na Dave Gibbons kilichotoka kwa mfululizo mwaka 1986 na 1987, walinusa jambo jingine: kwamba, kwa mfano wa kitabu hicho, wapo wakubwa wanaotaka mji uteketee ili dunia iungane. Walikuwa sahihi. Bwana Linderman, mmoja wa wakubwa hao, alipofichua mpango wake, wasomaji hao walikuwa wameshamtangulia.

Mchezo huu unahitaji muda. Mtazamaji lazima aachwe na swali siku saba, alipeleke kazini na kwenye basi, akutane na anayempinga. Hapa kwetu bahati hiyo ilitupita wengi. Katika miaka ile, tamthilia za Marekani zilifika Dar es Salaam na Nairobi kwa njia ya diski, msimu mzima umebanwa pamoja, na mtu aliyenunua "sizoni" Ijumaa aliimaliza Jumapili macho mekundu. Tulizipenda, lakini hatukuzibashiri. Swali likiulizwa saa nne usiku, jibu lilikuwa limepatikana kabla ya alfajiri.

Muda peke yake hautoshi, hata hivyo. Na hapa ndipo kisa cha Heroes kinapokuwa na faida kwa yeyote anayeanza kuifuatilia tamthilia mpya ya watu wenye nguvu za ajabu. Shabiki anapobashiri, hakisii kile mhusika anachoweza kufanya. Anakisia atafanyaje kwa kile asichokiweza. Claire hafi, lakini anaumia moyo na anaweza kukamatwa. Nathan anaruka, lakini hazuii risasi. Polisi Matt Parkman anasikia mawazo ya watu, na ndoa yake inazidi kuharibika kwa sababu hiyo hiyo. Kila mpaka wa namna hii ni mlango: ukijua mhusika hawezi kupita huku, unaanza kutafuta atapita wapi. Mhusika anayeweza kila kitu hana mlango wowote, na shabiki hana pa kubisha hodi.

Tuitazame sasa sehemu ya mwisho ya msimu wa kwanza, iliyorushwa tarehe 21 Mei 2007. Peter amekwisha kunyonya mionzi ya Ted na anaanza kuwaka katikati ya New York. Sylar amechomwa upanga na Hiro. Anatokea Nathan kutoka angani, anamkumbatia mdogo wake, anaruka naye juu kabisa, na mlipuko unatokea mbali na mji. Ni tukio la majonzi, la upendo wa ndugu wawili. Lakini mashabiki, waliofunzwa kwa miezi minane kuhesabu nguvu za kila mtu, walihesabu tena. Peter alikuwa na uwezo wa kuruka kama Nathan. Alikuwa na uponyaji wa Claire pia. Kwa nini hakuruka peke yake, alipuke huko juu, arudi mzima? Unaweza kujibu kwamba alikuwa ameshindwa kujidhibiti, na jibu hilo linaweza kutetewa. Ila tamthilia haikulitoa waziwazi, na watazamaji walioahidiwa hesabu walipewa machozi badala yake.

Tatizo halikuwa sehemu moja. Hadi msimu unakwisha, waandishi walikuwa wamezalisha wahusika watatu wasio na mpaka: Peter anayenyonya kila nguvu, Sylar anayeiba kila nguvu, na Hiro anayeweza kurudi nyuma na kurekebisha kosa lolote. Ukiwa na watu hao watatu, tatizo gani litadumu zaidi ya dakika kumi? Waandishi walilijua hilo. Ushahidi wake ni jinsi walivyowashughulikia tangu hapo. Msimu wa pili Peter anaonekana Ireland, amepoteza kumbukumbu. Hiro amekwama Japani ya mwaka 1671. Sylar ameambukizwa kirusi na hana nguvu hata ya kusogeza kikombe. Msimu wa tatu Peter ananyang'anywa nguvu na baba yake mzazi, na Hiro anarudishwa akili ya mtoto wa miaka kumi. Msimu wa nne Hiro ana uvimbe kwenye ubongo. Mara ya kwanza mtazamaji anakubali, kwa kuwa ajali hutokea. Mara ya tatu anaona kwamba waandishi wanawafungia wahusika wao chumbani kwa sababu wakitoka hadithi itaisha.

Kring aliwahi kueleza kwamba wazo lake la awali lilikuwa kubadilisha wahusika kila msimu, waje watu wapya na nguvu mpya. Naamini wazo hilo lingeiokoa tamthilia, kwa kuwa lingewaondoa wale watatu jukwaani kwa heshima. Lakini Hiro alikuwa amependwa mno, na Sylar naye, na hakuna kituo cha televisheni kinachowatupa wapendwa wake. Mapenzi hayo hayo ya mashabiki yalikuwa yameshaleta faida mahali pengine. Baba yake Claire, bwana mwenye miwani ya fremu nzito, alianza kama mhusika wa kupita. Mashabiki walimshikilia, wakambashiri kila wiki kama ni mwema au mbaya, na mwigizaji Jack Coleman akapandishwa kuwa wa kudumu. Sehemu inayomhusu, iliyoandikwa na Bryan Fuller, kwangu ndiyo bora ya tamthilia nzima. Bwana yule hakuwa na nguvu yoyote.

Wapo wanaosema mgomo wa waandishi ndio ulioiua Heroes. Tarehe hazikubali. Mgomo ulianza 5 Novemba 2007 na kweli uliukata msimu wa pili ukaishia sehemu ya 11. Lakini malalamiko yalikuwa yameanza Septemba, na mwezi huo huo wa Novemba Kring alijitokeza katika jarida la Entertainment Weekly kuomba radhi: kasi ilikuwa ndogo, Hiro alikaa Japani kupita kiasi. Mgomo ulikuta mgonjwa kitandani. Sehemu ya mwisho kabisa, Februari 2010, ilitazamwa na watu wasiofika milioni 5, na Mei mwaka huo NBC ikaifuta.

Upande wa pili wa jambo hili ulionekana mwaka 2021, na safari hii waliopita mpaka walikuwa mashabiki. WandaVision ya Disney+ ilitolewa kila Ijumaa kuanzia 15 Januari hadi 5 Machi, sehemu tisa, juu ya Wanda, mwanamke mwenye nguvu anayeugeuza mji mdogo kuwa vichekesho vya runinga ili asiikabili huzuni ya kufiwa. Mashabiki walibashiri mapema kwamba jirani Agnes ni mchawi Agatha Harkness, wakawa sahihi, kwa kuwa dalili zilikuwa ndani ya hadithi: jina lenyewe na ujuaji wake uliopitiliza. Wakabashiri pia kwamba nyuma ya yote yupo Mephisto, shetani wa vitabu vya Marvel. Hapo ushahidi wao ulitoka nje. Katika vitabu vya zamani watoto pacha wa Wanda wana uhusiano na Mephisto, basi lazima aje. Evan Peters, aliyemwigiza Quicksilver kwenye filamu za X-Men, alipogonga mlango wa Wanda katika sehemu ya tano, wakasema X-Men wamefika. Alikuwa mkazi wa mji tu, jina lake Ralph Bohner. Mephisto hakuja. Paul Bettany, anayemwigiza Vision, mpenzi wa Wanda, naye alikuwa amewachezea, akitangaza kwamba ameigiza na mtu aliyetamani siku zote kufanya kazi naye. Mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe, Vision wa pili.

Hasira zilizofuata siwezi kuzitetea. Hakuna mwandishi aliyeahidi shetani. Hadithi ilikuwa ya msiba, na ilibaki ya msiba hadi mwisho. Heroes iliwafundisha watazamaji kuhesabu kisha ikakataa hesabu yao. Hilo ni kosa la watunzi. WandaVision ilidaiwa kitu ambacho haikukiweka mezani. Ubashiri unaosimama juu ya kilichoonyeshwa ni haki ya mtazamaji, na mwandishi mzuri huuogopa kidogo. Ule unaosimama juu ya mikataba ya waigizaji, tetesi na vitabu vya mwaka 1989 ni burudani tu, na anayeufanya asimpelekee mtu bili.

Mephisto, kwa taarifa ya waliomsubiri, alitokea hatimaye Julai 2025, akiigizwa na Sacha Baron Cohen. Ilikuwa kwenye Ironheart, tamthilia nyingine ya Marvel.