Wawindaji wa Makosa ya Ulimi

Wako watu ambao, mwenzao anaposema, hawalisikilizi jambo alisemalo bali jinsi alitamkavyo. Kazi yao ni kuvizia. Mkulima asimama katika mkutano mkuu wa chama cha ushirika, auliza, "Fedha zetu za kahawa zimeriwa na nani?" Mara vicheko vyaenea katika viti vya mbele, na karani mmoja asema kwa sauti kuu, "Ni zimeliwa, mzee, si zimeriwa!" Mzee aketi. Mwenyekiti, ambaye pengine ndiye aliyefurahi kuliko wote, aingia katika shauri jingine, na hesabu ya makato haisomwi mwaka ule.

Basi kosa lenyewe ni lipi? Kikikuyu hakina sauti ya L, na mtu aliyekulia katika lugha hiyo huweka R mahali pake. Mjaluo naye husema "samba" kwa shamba, kwa kuwa lugha yake haina SH. Huo si ujinga, ni mazoea ya kinywa. Hata Mwingereza hutoka jasho kwa neno ng'ombe, wala hachekwi.

Tena hao wachekaji hawakukalia kiti imara. Kiswahili cha vitabuni kilichaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, kwa kufuata Kiunguja, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi ya kukisanifisha. Lakini wenyeji wa Mombasa, ambao wazee wao walitunga mashairi kwa Kimvita zamani sana kabla ya kamati yoyote, husema "ndoo" pale karani asemapo "njoo", na macho huyaita "mato". Je, karani huyo atathubutu kumsahihisha mshairi wa Mvita? Hathubutu. Humwonea mzee wa kahawa tu.

Haisemwi kwamba makosa yaachwe. Mwalimu darasani hana budi kusahihisha, na siku ya uchaguzi kula na kura si neno moja. Lakini mwenye nia njema hungoja mkutano uishe, akamwendea mzee kando na kumwambia kwa upole. Yule mwingine husahihisha ili ajulikane kuwa amesoma, naye ni rahisi kumtambua: ukimwuliza baadaye mzee alitaka kujua nini, hakumbuki.