Chanzo Kimoja, Njia Nyingi: Ufafanuzi wa Ugavi wa Umeme kwa Kamera za Usalama Majumbani Songea

Makala haya yanafafanua namna ya kulisha kamera kadhaa za usalama wa nyumba kutoka chanzo kimoja cha umeme, na yanajikita katika kosa moja ambalo, kwa maoni ya mwandishi, huanzia kwenye lugha kabla ya kufika kwenye waya. Fundi anapoambiwa kamera zote zitumie "chanzo kimoja", mara nyingi huelewa kuwa zote zitumie waya mmoja. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Hadi mwaka 2018 Manispaa ya Songea ilitegemea kwa sehemu kubwa jenereta za dizeli. Mwaka huo iliunganishwa na Gridi ya Taifa kwa njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako. Gridi imeleta unafuu mkubwa, lakini haikumaliza kukatika kwa umeme, kama mgao wa mwishoni mwa mwaka 2023 ulivyodhihirisha nchini kote. Kwa mwenye nyumba anayehifadhi magunia ya mahindi nyuma ya nyumba yake, usiku wa giza ndio usiku anaoihitaji kamera kuliko mwingine wowote. Hapo ndipo hoja ya chanzo kimoja inapopata uzito. Ikiwa kila kamera ina adapta yake kwenye soketi yake, kuzilinda zote dhidi ya kukatika kwa umeme huhitaji betri nyingi. Zikikutana mahali pamoja, betri moja inatosha.

Kamera nyingi za majumbani hutumia umeme wa mkondo mnyoofu wa volti 12. Pawasaplai ya pamoja hupokea volti 230 za TANESCO, huzishusha hadi 12, kisha huzigawa kwenye matoleo kadhaa, kila toleo likiwa na fyuzi yake. Fyuzi hizo si pambo: waya wa kamera moja ukikwaruzwa na panya hadi nyaya mbili zikagusana, toleo hilo pekee ndilo litakalozimika.

Tuchukue nyumba yenye kamera nne, zilizopangwa kando ya ukuta kwa umbali wa mita 10, 20, 30 na 40 kutoka kwenye pawasaplai. Mchana kila kamera inatumia ampea 0.25. Usiku taa zake za miali isiyoonekana zinawaka na matumizi yanapanda hadi ampea 0.5. Waya ni wa shaba, wenye unene wa milimita za mraba 0.75. Kwa kuwa mkondo huenda na kurudi, kila mita 10 za umbali ni mita 20 za shaba, zenye ukinzani wa takribani omu 0.46.

Fundi akiziunga kamera zote kwenye waya mmoja, kipande cha kwanza kinabeba mkondo wa kamera nne, cha pili wa tatu, na kuendelea hivyo. Mchana kamera ya mwisho inapata takribani volti 10.85. Kamera nyingi huvumilia tofauti ya asilimia 10, yaani hadi volti 10.8, hivyo picha inaonekana na fundi analipwa. Jua likizama upotevu unaongezeka maradufu na kamera ileile inabaki na volti 9.7. Inazima, mzigo unapungua, volti zinapanda, inawaka tena, kisha inazima. Nyumbani kwa mwandishi hali hiyo ilidumu wiki kadhaa, na kamera yenyewe ndiyo iliyolaumiwa. Tulinunua nyingine, ikafanya vilevile.

Kamera hiyohiyo ya mita 40 ikipewa waya wake peke yake kutoka kwenye pawasaplai ileile, inapata volti 11.08 usiku. Chanzo hakikubadilika wala hakikuongezwa nguvu. Izingatiwe kuwa hesabu hii ni ya shaba halisi. Waya wa alumini uliopakwa shaba, ambao kwa macho ni vigumu kuutofautisha, una ukinzani mkubwa zaidi na huharibu mahesabu yote.

Suala la betri linahitaji uangalifu wa namna yake. Kamera nne zinahitaji wati 24 usiku, mashine ya kurekodi tuseme wati 20. Pamoja na upotevu, jumla ni kama wati 50. Kwa saa 12 ni wati-saa 600, ambazo ni nusu ya uwezo wa betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100, na betri ya risasi na asidi haifai kushushwa sana chini ya nusu. Ila betri hiyo inapochajiwa hufikia volti 13.8 hadi 14.4. Kamera iliyo karibu, ambayo waya wake haupotezi kitu, huzipokea karibu zote, ilhali ukomo wake ni 13.2. Ndiyo maana kati ya betri na kamera huwekwa kifaa cha kudhibiti volti kibaki na 12 daima.

Kamera za mtandao zinazopokea umeme kupitia waya wa data zinaepuka sehemu kubwa ya tatizo hili, kwa sababu swichi huzipelekea takribani volti 48. Kwa wati zilezile mkondo unakuwa robo, na upotevu kwenye waya unakuwa sehemu moja ya kumi na sita. Umbali unaoruhusiwa ni mita 100. Tena kila kamera huwa na waya wake hadi kwenye swichi, hivyo mfumo wenyewe haumpi fundi nafasi ya kuziunga kwa mfululizo.

Kwa mfumo wa volti 12, kipimo cha kukubali kazi ya fundi kifanyike saa mbili usiku, taa za kamera zote zikiwa zimewaka, na mita ya volti iwekwe kwenye kamera ya mbali kabisa, si kwenye pawasaplai.