Nyumba za Kaunsili Uingereza: Si Mnada, Ni Foleni



Alhamisi moja baada ya swala ya alasiri alinijia mama mmoja wa Mambrui, mtu mzima, amezifunga bangili zake nne za dhahabu katika pindo la leso. Ni bangili za mahari yake, alizozihifadhi kwa zaidi ya miaka thelathini. Akaniambia, "Sheikh, nimekuja kutaka rai yako kabla sijakwenda kwa sonara."

Binti yake yuko London mwaka wa kumi na nne sasa, na uraia wa huko ameshaupata. Anaishi na mumewe na watoto wawili katika nyumba ya kupanga yenye chumba kimoja cha kulala. Juma lile alikuwa amepiga simu akilia: kila wiki "anabidi" nyumba za kaunsili, na kila wiki anashindwa. Mara ya mwisho amekuwa wa 87. Mama akafahamu kama ambavyo mimi na wewe tungefahamu, kwamba kuna mnada, watu wanapandiana bei, na mwanawe hana pesa za kuwashinda wenziwe. Kisha jamaa mmoja akamletea habari kuwa yuko mtu huko London awezaye "kupandisha namba" kwa pauni 1,500. Hapo ndipo bangili zilipotoka sandukuni.

Nilimwomba asubiri siku tatu. Ninaye mwanafunzi wangu wa zamani wa madrasa, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwasaidia watu kujaza fomu za makazi katika msikiti mmoja wa mashariki ya London. Nikampigia, tukazungumza usiku mzima. Aliyonieleza nayaandika hapa, kwani najua si mama huyu peke yake. Pwani yetu, kuanzia Mombasa hadi Lamu, ina watoto wake wengi huko, kama walivyo ndugu zetu wa Unguja na Barawa, na simu za vilio ni nyingi.

Jambo la kwanza ni hilo neno lenyewe, ambalo kwa maoni yangu lilichaguliwa vibaya. Huko "kubidi" si kutaja bei. Kodi ya nyumba imeshapangwa, wala haipandi hata wakijitokeza watu elfu. Kubidi ni kusema tu, "Nyumba hii naitaka, niandikeni." Utaratibu huu ulianzia mji wa Delft, Uholanzi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Waingereza wakaujaribu katika maeneo 27 kuanzia mwaka 2001. Kabla ya hapo ofisa wa kaunsili ndiye aliyekaa na orodha yake akamchagulia mtu nyumba. Sasa nyumba zilizo tupu hutangazwa, aghalabu kila wiki, na mwombaji huruhusiwa kutaja chache, mara nyingi mbili au tatu, anazozipenda.

Muda wa matangazo ukifungwa, kompyuta huwapanga wote walioitaja nyumba hiyo. Kwanza hutazama daraja. Kaunsili nyingi huwagawa waombaji katika madaraja ya A, B, C na kuendelea kwa kadiri ya shida zao. Nyingine, kama Camden, huhesabu pointi badala ya madaraja. Kisha, kati ya walio katika daraja moja, hutazama tarehe: nani alitangulia kuingia katika daraja hilo.

Natoa mfano. Wanawake watatu wameitaja nyumba moja. Wa kwanza yuko daraja B tangu mwaka 2016. Wa pili yuko daraja B tangu 2021. Wa tatu ameingia daraja A mwezi uliopita, kwa kuwa mtoto wake amekuwa hawezi kutembea na nyumba yao iko ghorofa ya nne pasipo lifti. Nyumba itakwenda kwa huyu wa tatu, ingawa ndiye mgeni kuliko wote. Akiikataa, itakwenda kwa wa 2016. Yule wa 2021 atangoja. Hakuna aliyemhonga mtu hapo.

Kwa hiyo kubidi mara mia hakumpandishi mtu hata hatua moja. Wala kuamka usiku wa manane ili uwe wa mwanzo kubonyeza hakusaidii kwa kawaida, maana aliyebonyeza Jumapili na aliyebonyeza Alhamisi ni sawa maadamu muda haujafungwa. Bidii katika bidi, kama alivyonitania mwanafunzi wangu, haina malipo. Ile namba 87 nayo si hukumu ya mwisho. Walio juu yake wengine watapata nyumba nyingine, wengine watakataa baada ya kuitazama. Lakini mtu akijiona wa 87 kila wiki katika mtaa uleule, ni dalili kwamba anaitamani nyumba inayotamaniwa na wote. Afadhali ataje mitaa isiyokimbiliwa sana, au ghorofa za juu ikiwa miguu yake inaruhusu.

Na daraja, je, linapatikanaje? Sheria ya Nyumba ya Uingereza ya mwaka 1996 imewataja watu ambao kaunsili ni lazima iwatangulize: wasio na makazi, wanaokaa katika nyumba mbovu au zilizosongamana, wenye haja kwa sababu ya maradhi, ulemavu au ustawi wao, na wale ambao wasipohamia eneo fulani watapata taabu kubwa. Ndani ya mipaka hiyo kila kaunsili ina sera yake. Tangu sheria ya mwaka 2011 zimeruhusiwa pia kuweka masharti ya nani aingie katika orodha, na nyingi zinataka mwombaji awe ameishi eneo lao kwa miaka kadhaa, mitatu kwa hii, mitano kwa ile. Anayehama kutoka kaunsili moja kwenda nyingine kumfuata jamaa yake huenda akaipoteza foleni yake yote. Mama akimwambia mwanawe kwa simu, "Hamia karibu na shangazi yako," ajue anamwambia nini.

Hapo kwenye msongamano ndipo ilipokuwa siri ya binti wa Mambrui. Kipimo kinachotumiwa na kaunsili nyingi ni hiki: mke na mume chumba kimoja, watoto wawili walio chini ya miaka kumi hulala pamoja, hata wakiwa wa kiume na wa kike, lakini mmoja akifikisha kumi, wa kiume na wa kike huhesabiwa kila mmoja kuwa na haja ya chumba chake. Nilipoyasikia haya nilitabasamu. Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwatenganisha watoto katika malazi wafikapo umri huohuo. Sheria yao ya mwaka 1985 nayo inataja miaka kumi, ila ile ni kali kwa namna nyingine: huihesabu hata sebule kuwa mahali pa kulala, na kwa sababu hiyo familia nyingi zinazobanana hazimo ndani ya kipimo chake.

Binti yule alijaza fomu mwanawe wa kiume akiwa na miaka minne na wa kike akiwa na mwaka mmoja. Kwa hesabu ya siku ile alihitaji vyumba viwili. Sasa mvulana ana miaka kumi na mmoja, msichana minane. Anahitaji vitatu, naye anacho kimoja. Miaka saba imepita, na hakuna aliyemwambia kwamba fomu haijibadilishi yenyewe. Alikuwa akibidi nyumba za vyumba viwili kwa daraja la zamani, ilhali haki yake imeshabadilika.

Yapo mengine ya namna hiyo. Barua ya daktari isemayo "mgonjwa ana pumu" haimsaidii mtu sana. Isemayo kwamba ukungu wa ukutani unamzidishia pumu, na kwamba amelazwa mara kadhaa kwa sababu hiyo, inasaidia. Kaunsili haiulizi mtu anaumwa nini tu, inauliza nyumba inamdhuru vipi.

Sasa niseme na wale wanaojiandaa kuwapeleka mabinti zao kwa waume walioko huko. Mke aliyeingia kwa viza ya mume kwa kawaida huwekewa sharti kwamba haruhusiwi kutegemea fedha za umma, na nyumba ya kaunsili imo ndani ya katazo hilo. Hawezi kupewa yeye, wala kuandikwa pamoja na mumewe kuwa wapangaji wawili wa nyumba hiyo. Mume mwenye haki anaweza kuwa mpangaji peke yake. Mwanamke asijaze fomu kwa jina lake kabla hajamuuliza mshauri wa mambo ya uhamiaji, asije akaiharibu viza yake kwa kutojua. Maposa yakija, ni jambo la kuulizwa mapema: mtakaa wapi, na nyumba ni ya nani?

Wala sitaficha la uchungu zaidi. Wako wanaopigwa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2021 kuhusu ukatili wa nyumbani imeweka kwamba mtu aliyekosa makazi kwa sababu ya kukimbia ukatili huo ana haki ya kutangulizwa anapoomba msaada, hata kama hana mtoto. Hatakiwi tena kuthibitisha kwanza kuwa yeye ni dhaifu kuliko wengine. Aliyeko kwa viza ya mume naye ana njia ya kuomba ruhusa maalumu ya muda ili aweze kusaidiwa. Binti akikupigia simu kwa jambo hili, usimwambie asubiri kwa kuwa hana pa kwenda.

Narudi kwa yule wa pauni 1,500. Namba haipandishwi na mtu wa pembeni. Ama atazila pesa, ama ataandika uongo katika fomu: mtoto asiyekuwapo, maradhi yasiyokuwapo, anwani ya rafiki. Kutoa habari za uongo katika ombi hilo ni kosa chini ya sheria ileile ya 1996, na mwenye jina katika fomu anaweza kushtakiwa, hata kama si yeye aliyeshika kalamu. Na aliyepewa nyumba akaipangisha yote kwa siri, yeye akahamia kwingine, ana sheria yake ya mwaka 2013 inayomngoja. Fomu ile ni ushahidi, na anayedanganya humo anamsogeza nyuma mama mwingine mwenye mtoto mgonjwa kweli. Mwishoni mwa Machi 2024 familia zilizokuwa katika orodha za Uingereza zilikuwa takriban milioni 1.33.

Siku ya tatu mama alirudi nikamweleza haya. Hakufurahi kama nilivyotaraji. Akauliza, "Kwa hivyo akibadilisha fomu atapata nyumba?" Nikamwambia ukweli: daraja litapanda, inshallah, lakini nyumba za vyumba vitatu ni chache kuliko za viwili, na tarehe yake katika daraja jipya itaanza upya. Huenda ikawa miaka. Akanyamaza kidogo, kisha akafungua leso, akazivaa bangili zake mkononi moja moja.

"Na hapa kwetu?" akaniuliza. "Si serikali nayo inajenga?"

Hapa kwetu hakuna kubidi. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilitiwa saini Machi 2024, na ndiyo inayomkata mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri wake kiasi hichohicho. Mtu hujiandikisha katika Boma Yangu, kwa intaneti au kwa kupiga *832# hata kwa simu ya kawaida. Mlango wa kwanza kwetu ni kipato: anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi yumo katika nyumba za kijamii, na wa kuanzia hapo hadi 149,000 yumo katika nyumba za bei nafuu. Mtu mmoja hupewa nyumba moja tu, na hawezi kuiuza pasipo idhini ya bodi. Sheria imewataja wanawake, vijana na wenye ulemavu kuwa ni watu wa kuzingatiwa, lakini ngazi za A na B za kupima shida ya kila mtu, anazoweza kuzisoma mwenyewe akajua amesimama wapi, kwetu hazijakuwa za kawaida. Hilo ni la kuwauliza wawakilishi wetu, na wanawake waliulize kwa sauti.

Tofauti kubwa ni kwamba kule mtu anapanga, na hapa ananunua pole pole. Mwenye kutaka kununua huambiwa aweke akiba ya sehemu ya bei, na salio alipe kwa miaka. Hapo linaingia suala la riba, ambalo si la kumalizwa katika aya moja. Nitaliandikia toleo lake, na mwenye karatasi za mkataba aniletee nizisome kabla hajatia saini.

Mama wa Mambrui hakungoja toleo hilo. Alitoa simu yake ndogo, akanipa nimpigie *832#. Tulifika pale panapotakiwa nambari ya kitambulisho, akakumbuka amekiacha nyumbani, ndani ya sanduku zilimokuwa bangili.