Mizani ya Mkimbiaji

Wazee wetu walisema kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mithali hiyo hutumiwa kwa mambo mengi, lakini leo nataka kuitumia kwa maana yake ya wazi, yaani mbio za miguu. Nitazungumza habari za mtu aliyekusudia kukimbia marathoni, na habari za siku moja katika mazoezi yake ambayo yampasa kuiheshimu kuliko nyingine zote. Siku hiyo hukimbia safari ndefu, na sehemu kubwa ya safari hiyo huikimbia kwa kasi ile ile atakayoitumia siku ya mashindano. Kasi hiyo tutaiita kasi ya shabaha.

Kwanza tufahamu marathoni ni nini. Ni mbio za kilomita 42 na mita 195, sawa na maili 26 na yadi 385. Kipimo hiki kilitumiwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1908, na mwaka 1921 kikathibitishwa kuwa kipimo cha marathoni zote. Katika mbio hizo hizo za mwaka 1908 lilitukia jambo ambalo kila mkimbiaji hana budi kulijua.

Ilikuwa tarehe 24 Julai, na jua lilikuwa kali. Kijana mmoja wa Italia, jina lake Dorando Pietri, alipata habari kwamba mtu aliyekuwa akiongoza, Charles Hefferon wa Afrika ya Kusini, alikuwa amechoka. Basi Pietri akaongeza kasi ili amkamate, na kweli akampita zikiwa zimebaki kilomita chache tu. Lakini alipoingia katika uwanja nguvu zilikuwa zimemwishia. Akageukia upande usio wake, akaanguka, akainuka, akaanguka tena mara kadha wa kadha mbele ya watu maelfu. Mita chache zile za mwisho zilimchukua kiasi cha dakika kumi. Wasimamizi wakamwinua na kumsaidia mpaka akavuka mstari, na kwa sababu ya msaada huo akanyimwa ushindi. Aliyepewa ushindi ni John Hayes wa Marekani, ambaye kwa muda mrefu alikuwa nyuma ya viongozi.

Pietri hakuwa mvivu wala mwoga. Alitumia mapema nguvu alizopaswa kuziweka kwa ajili ya mwisho. Ili tuelewe jinsi jambo hili linavyotokea, yafaa tutazame akiba iliyomo mwilini.

Mwili wa mwanadamu unayo maghala mawili ya nguvu. Ghala la kwanza ni la sukari, itokayo katika vyakula kama ugali, wali, ndizi na viazi vitamu. Sukari hiyo huwekwa katika misuli na katika ini, nayo kwa mtu wa kawaida ni kiasi cha gramu 500 tu, yaani kalori 2,000 hivi. Kalori ni kipimo cha nguvu itokayo katika chakula. Ghala la pili ni la mafuta. Hili ni kubwa sana hata kwa mtu mwembamba, lakini mlango wake ni mwembamba, na nguvu hutoka humo polepole.

Sasa tupige hesabu. Mtu akimbiapo hutumia kiasi cha kalori moja kwa kila kilo ya uzito wake katika kila kilomita. Mwenye kilo 60, akikimbia marathoni nzima, hutumia kalori zipatazo 2,500. Ghala la sukari peke yake halitoshi. Anayekimbia kwa kasi inayomfaa huchanganya sukari na mafuta, na sukari yake hudumu. Anayekwenda kasi kupita kiasi hutumia sukari nyingi zaidi tangu mwanzo, na afikapo kilomita ya 30 au ya 35 huikuta ghala tupu. Hapo miguu huwa mizito kama magogo, fikira huvurugika, na njia iliyobaki huwa ya kutembea. Wakimbiaji husema kwamba mtu huyo amegonga ukuta.

Basi swali kubwa ni hili: mtu atajuaje kasi inayomfaa? Kuiwaza tu hakutoshi, wala kukimbia kilomita tano kwa haraka hakutoshi, maana ukuta hauonekani katika kilomita tano. Sharti aipime kasi hiyo katika safari ndefu, miguu ikiwa imekwisha kuchoka. Safari hiyo ndiyo mizani yake.

Tuchukue mfano wa mtu anayetaka kumaliza marathoni kwa saa 4. Akigawanya saa 4 kwa kilomita 42 na mita 195, ataona kwamba kila kilomita yampasa aikimbie kwa dakika 5 na sekunde 41. Asiye na chombo cha kupimia njia aende katika uwanja wa shule wenye mzunguko wa mita 400. Humo kila mzunguko utakuwa wa dakika 2 na sekunde 16 au 17. Aizunguke mara nyingi kwa siku mbalimbali, mpaka mwili uifahamu kasi hiyo bila kutazama saa kila mara.

Safari yenyewe aifanye majuma matatu au manne kabla ya mashindano. Ikiwa karibu zaidi, mwili hautapata muda wa kupumzika; ikiwa mbali zaidi, haitamwonyesha hali yake ya siku ile. Kabla ya hapo awe amekwisha kujizoeza kwa miezi kadhaa, akiongeza umbali kidogo kidogo, maana si jambo la kuanza nalo.

Siku hiyo akimbie kilomita 30. Kilomita 10 za kwanza aende pole, kwa mwendo unaomwezesha kuzungumza na mwenzake. Kisha bila kusimama aingie katika kasi ya shabaha, na kuishika kwa kilomita 16. Kilomita 4 za mwisho apunguze na kurudi nyumbani taratibu. Kwa mtu wetu wa saa 4, zile kilomita 16 zitachukua saa 1 na dakika 31, na safari yote itakuwa kama saa 3. Haifai kuzidisha hapo, kwa kuwa uchovu wake hukaa mwilini siku nyingi.

Tena achague njia inayofanana na njia ya mashindano. Katika Marathoni ya Kilimanjaro, inayokimbiwa Moshi tangu mwaka 2003, kwa miaka mingi nusu ya kwanza ilikuwa na njia ya tambarare, na katika nusu ya pili wakimbiaji walipanda mlima kuelekea Mweka kabla ya kuteremka. Aliyejizoeza kwenye tambarare tu alikutana na mlima huo ilhali amekwisha kuchoka. Kadhalika aondoke alfajiri, saa ile ile mashindano yatakapoanza. Avae viatu na nguo zile zile, na ale asubuhi chakula kile kile. Tumbo nalo lina mafunzo yake. Uji au ndizi isiyomdhuru mtu anapolima yaweza kumsumbua akimbiapo, na ni heri alijue jambo hilo katika mazoezi kuliko siku ya mashindano.

Kuhusu maji, anywe kidogo kidogo kwa kadiri ya kiu yake, na maji yenye sukari humsaidia kuongeza akiba. Lakini asinywe kupita kiasi kwa kudhani kwamba maji mengi ni nguvu nyingi. Maji yakizidi sana huifanya chumvi ya damu kuwa chache, na watu wamewahi kufa kwa sababu hiyo. Akiona kizunguzungu, au akisikia baridi juani, au maumivu ya kifua, asimame mara moja na kutafuta msaada. Mazoezi yote hayana thamani ya uhai.

Pengine mtu atasema kwamba mambo haya ni ya wanaoanza, na mabingwa hawayahitaji. Sivyo. Eliud Kipchoge wa Kenya, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mwaka 2016 na tena mwaka 2021, alijizoeza miaka mingi huko Kaptagat chini ya mwalimu Patrick Sang, ambaye mwenyewe alipata medali ya fedha katika Olimpiki ya mwaka 1992. Huko Kaptagat, kwenye nchi ya juu kiasi cha mita 2,400 na barabara za udongo, kikundi chake kilikuwa na desturi ya kukimbia safari ndefu kila Alhamisi: juma hili kilomita 30, juma lifuatalo kilomita 40. Matunda yake yalionekana Vienna tarehe 12 Oktoba mwaka 2019, Kipchoge alipokimbia umbali wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Haikuhesabiwa kuwa rekodi, kwa kuwa wakimbiaji wengine walimwongoza kwa zamu. Lakini tazama usawa wake: kila kilomita aliikimbia kati ya dakika 2 sekunde 48 na dakika 2 sekunde 52. Tangu mwanzo hata mwisho kasi yake haikupanda wala kushuka ila kidogo sana.

Tena hata bingwa aweza kuvutwa na mwanzo mzuri. Juma Ikangaa wa Tanzania, aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, alikimbia Boston mwaka uliofuata. Njia ya Boston huanza kwa mteremko, na vilima vyake vikubwa vipo baada ya nusu ya safari. Ikangaa aliongoza kwa kasi kubwa sana, lakini baadaye Gelindo Bordin wa Italia, aliyekuwa nyuma kwa subira, akampita na kushinda. Ikangaa akawa wa pili. Hatulisemi jambo hili kwa kumdharau shujaa wetu. Twalisema ili mkimbiaji wa kawaida ajue kwamba mteremko wa mwanzo humdanganya hata mwenye miguu iliyo bora.

Sasa nafika kwenye neno langu kubwa. Safari ile ya kilomita 30 ikiisha, mkimbiaji akae chini na kusoma mizani. Katika zile kilomita 16 za kasi ya shabaha, alinganishe kilomita 5 za kwanza na kilomita 5 za mwisho. Ikiwa nyakati zake ni sawa, na pumzi yake ilikuwa imetulia, shabaha yake ni ya kweli. Ikiwa zile za mwisho zilichelewa dakika moja au zaidi, ingawa alijitahidi kwa nguvu zake zote, basi shabaha imepita uwezo wake wa sasa, isipokuwa kama alikuwa mgonjwa au jua lilikuwa kali kuliko desturi.

Hapo ndipo penye mtihani. Mtu huyu huenda amekwisha kuwaambia mke wake, jirani zake na wenzake kazini kwamba atamaliza kwa saa 4. Ulimi umetangulia, na miguu imekataa. Wengi hapo huificha karatasi ya nyakati zao, wakajiambia kwamba siku ya mashindano watu watashangilia na nguvu zitakuja zenyewe. Shangwe huja kweli, lakini haziongezi hata gramu moja ya sukari katika ghala. Mwenye hekima atapunguza shabaha yake. Akiazimia saa 4 na dakika 15, kila kilomita itakuwa ya dakika 6 na sekunde 3. Tofauti ni sekunde 22 tu katika kilomita moja, nazo zaweza kuwa ndizo zinazomtenga anayemaliza akikimbia na anayemaliza akibebwa. Wala majuma matatu yaliyobaki asiyatumie kuirudia safari ile ili aifute aibu. Apunguze mazoezi, alale vizuri, ale vizuri, na kuuacha mwili ujijenge.

Nanyi wanafunzi, marathoni si mbio zenu bado, na mashindano mengi hayawapokei walio chini ya miaka 18. Lakini mizani hii yafaa hata kwa mbio za shule. Aliyezoea kukimbia mzunguko wa kwanza kama swala, kisha akatambaa katika mzunguko wa mwisho, na ajaribu kuigawa kasi yake sawasawa, aone atakaowapita mwishoni.

Siku iliyofuata mashindano yale ya London, Malkia Alexandra alimpa Dorando Pietri kikombe cha fedha kilichopakwa dhahabu, kwa kuusifu ushujaa wake. Kilikuwa kikombe kizuri, na watu wengi walifurahi. Lakini ushindi ulikuwa wa Hayes. Basi wewe uliyekusudia kukimbia, ijue kasi yako mapema, katika njia ya kwenu, ambako hakuna anayekutazama ila wachunga ng'ombe na jua linalochomoza. Ukweli utakaoupata huko ni mchungu kidogo tu. Ukiukataa, utakungoja kwenye kilomita ya 35, na huko utakuwa mchungu zaidi.