Mtoko wa Mkopo

Kila Februari 14 inapokaribia, washauri wa ndoa na wa fedha za familia wanajua swali litakalowafikia, na linawafikia lile lile: "Mfuko wangu mdogo, nimpeleke wapi mwenzangu pasionekane pa bei rahisi?" Analiuliza dereva wa bodaboda, analiuliza mwalimu, analiuliza karani wa benki ambaye kwa kazi yake angepaswa kuwa na swali bora zaidi. Mwingine hazunguki, anauliza tu ni mkopo gani wa simu wenye makato madogo. Hasemi mkopo ni wa nini. Tarehe inamsemea.

Swali hilo limeharibika kabla halijajibiwa. Limeshakubali kwamba utamu wa mtoko uko kwenye bili, na kwamba uhaba wa fedha ni jambo la kumficha mtu unayelala naye chumba kimoja. Mshauri akitoa orodha ya migahawa kumi ya bei nafuu, anakuwa ameusaidia uongo usimame wima kwa mwezi mmoja zaidi. Basi hapa orodha itasubiri. Kwanza kuna imani ya kubomoa.

Imani yenyewe kila mtu anaijua: mapenzi ni gharama, na asiyegharamia hapendi. Inasemwa vijiweni, inasemwa saluni, inapigiwa muhuri mitandaoni kwa picha za sahani kubwa zenye chakula kidogo. Wanaoitetea husema ni mila zetu, mwanamume lazima atoe. Hapo ndipo mtu mzima anaposhindwa kuvumilia. Mahari ni mila, na mahari ina wazee, ina washenga, inatajwa hadharani, inapunguzwa, na ikibidi inalipwa kidogo kidogo huku ndoa ikiendelea. Hakuna mshenga aliyewahi kupeleka posa akiwa amekopa kwa siri ili ukoo wa pili udhani bwana harusi ni tajiri. Chakula cha jioni cha mishumaa cha shilingi laki moja hakimo katika mila za Wazaramo wala za Wameru. Kimeletwa na wauzaji, na kazi ya wauzaji ina historia inayofuatilika.

Tazama Japani. Kule Februari 14 wanawake ndio wanaowapa wanaume chokoleti. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watengenezaji wa peremende wa nchi hiyo waliona nusu ya soko imelala, wakaitenga Machi 14 iwe siku ya wanaume kurudisha fadhila, kwa peremende vilevile. Siku hiyo inaadhimishwa mpaka leo. Huko Marekani kampuni ya De Beers ilianza mwaka 1947 kuitangaza almasi kama kitu cha milele, na ilipofika miaka ya 1980 matangazo yake yakawa yanawaelekeza wanaume kwamba pete ya uchumba inapaswa kumeza mishahara ya miezi miwili. Kipimo hicho hakikutoka kwa bibi wala kwa kungwi yeyote. Kilitoka kwa mwenye duka, na watu wakakirithi kama wosia.

Je, kinafanya kazi? Mwaka 2014 wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Emory, Andrew Francis-Tan na Hugo Mialon, walitoa matokeo ya utafiti uliowahoji zaidi ya Wamarekani 3,000 waliowahi kuoa au kuolewa. Wanaume waliotumia dola 2,000 hadi 4,000 kwenye pete walikuwa na hatari ya talaka mara 1.3 ya wenzao waliotumia kati ya dola 500 na 2,000. Kwa wanawake ambao harusi zao zilizidi dola 20,000, hatari ilikuwa kama mara tatu na nusu ya wale waliotumia dola 5,000 hadi 10,000. Na hapa pana jambo ambalo wanaonukuu utafiti huu huliruka: waliokwenda fungate walidumu zaidi, bila kujali fungate yenyewe iligharimu kiasi gani. Harusi zilizojaa watu nazo zilikwenda pamoja na ndoa zenye kudumu. Watu na muda vilihesabika, bei haikusaidia.

Asije mtu akatoka hapa akitangaza kwamba pete ya bei huvunja ndoa. Utafiti wa namna hiyo unaonyesha mambo yanayokwenda pamoja, hauonyeshi lipi limezaa lipi, na Marekani si Mbagala. Lakini kwa anayedai kwamba kutumia fedha nyingi ndiko kunakoshikilia penzi, mzigo wa ushahidi uko mabegani mwake, na mpaka sasa amekuja mikono mitupu.

Tuje kwenye dawa ya kienyeji ya ugonjwa huu, yaani mkopo wa simu. Wengi huiona ada ya asilimia saba au nane ni ndogo, kwa sababu wanaisoma kama riba ya benki. Huduma ya M-Shwari ilipoanza Kenya mwaka 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Siku 30, si mwaka. Anayekopa hivyo kila mwezi kwa miezi 12 analipa ada inayofikia asilimia 90 ya kiasi anachokopa. Yule karani wa benki asingesaini mkopo wa gari kwa kiwango hicho hata angeshikiwa kalamu. Kwa mtoko anasaini, kwa kidole gumba, akiwa ndani ya daladala.

Fanya hesabu ya mtu mmoja. Amekopa 80,000 kwa masharti ya namna hiyo: chakula cha watu wawili, vinywaji, teksi ya kurudi. Mwezi unaofuata anadaiwa 86,000. Mshahara umeshakatwa kodi ya nyumba na ada ya shule, hana, siku 30 nyingine zinaanza na ada nyingine juu yake. Mpaka Aprili bado anailipia sahani ya Februari, na mwenzake, ambaye hajui lolote, anashangaa kwa nini siku hizi hata nauli ya kwenda kwa mama yake inaleta ugomvi. Kilichonunuliwa hapo ni saa mbili za furaha na wiki nane za uso uliokunjamana. Na huo ni mkopo halali.

Kuna na mikopo ambayo Watanzania wenyewe wameibatiza kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizifungia programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini. Kero iliyopigiwa kelele sana kuhusu wakopeshaji wa namna hiyo ilikuwa kudhalilishwa: mkopaji akichelewa, ujumbe unawafikia watu waliomo kwenye simu yake. Mtu alikopa ili aonekane wa maana mbele ya mchumba. Sasa baba mkwe mtarajiwa ana ujumbe unaomtaja kwa jina na deni lake.

Wapo watakaosema, lakini mwenzangu mwenyewe ndiye anayetaka hoteli. Pengine. Mara nyingi, akiulizwa yeye, anasema hajawahi kuambiwa mshahara ni kiasi gani. Mtu asiyejua kilichomo chunguni hawezi kulaumiwa kwa kuomba sahani ya pili. Mazungumzo ya dakika 20 kuhusu kinachoingia na kinachotoka nyumbani yangemaliza nusu ya maswali haya, lakini hayo hakuna anayeyaombea ushauri.

Sasa, kama si bei, mtoko unafanya kazi kwa kitu gani? Hili limepimwa. Mwanasaikolojia Arthur Aron wa Chuo Kikuu cha Stony Brook, New York, na wenzake waliwachukua wanandoa 53 na kuwagawa mafungu kwa wiki kumi. Fungu moja lilitumia saa moja na nusu kila wiki kufanya pamoja mambo ambayo wenyewe waliyaona ya kusisimua. Fungu la pili lilipewa muda uleule, ila kwa mambo ya kupendeza tu, yale yaliyozoeleka. La tatu halikupewa kitu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1993: waliofanya ya kusisimua waliridhika na ndoa zao kuliko waliofanya ya kupendeza. Muda ulikuwa sawa, upya ndio uliotofautiana.

Baadaye, katika utafiti uliotoka mwaka 2000, Aron alikwenda mbali zaidi na akapunguza gharama mpaka inachekesha. Wenza walifungwa pamoja mkono kwa mkono na mguu kwa mguu, wakaambiwa watambae juu ya magodoro wakiubeba mto katikati yao bila kuushika kwa mikono, wauvushe kizuizi. Dakika saba. Wengine walipewa kazi ya kuchosha ya kusukuma mpira taratibu. Waliotambaa, wakaanguka, wakacheka, walitoka wakiuona uhusiano wao kuwa bora zaidi. Vifaa vyote, mto na magodoro, vimo katika kila nyumba ya Kariakoo.

Kwa hiyo mgahawa uleule, meza ileile, kuku yuleyule kila mwisho wa mwezi, hata ukiwa wa bei kali, uko kwenye fungu la pili. Wawili walioshuka kituo wasichokijua wakapotea na kuulizana njia wako kwenye la kwanza.

Na si lazima iwe kila wiki, kama wanavyoshurutisha baadhi ya wahubiri wa mapenzi. Uingereza, Harry Benson na Steve McKay walichambua mwaka 2016 taarifa za karibu wenza 10,000 wenye watoto wadogo, waliofuatiliwa kwa miaka kumi. Wanandoa waliotoka pamoja mara moja kwa mwezi walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuachana, kwa asilimia 14, kuliko waliotoka kwa nadra. Waliotoka kila wiki hawakupata faida hiyo. Mara moja kwa mwezi inatosha, na mara moja kwa mwezi inalipika: shilingi 500 kwa siku kwenye kibubu ni 15,000 kwa mwezi, bila kumpigia mtu yeyote magoti.

Haya, hiyo orodha. Dar es Salaam, ufukwe wa Coco hauna kiingilio, lakini watu huutumia vibaya: wanakwenda kutazama jua likizama, wakati ufukwe unatazama mashariki na jua linazama nyuma yao. Cha kutazama pale ni mwezi. Ukipevuka huchomoza kutoka baharini karibu na wakati jua linapotua, kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, na asiyejua siku yake aangalie kalenda ya Kiislamu, mwezi 14 au 15. Muhogo wa kuchoma, dafu moja moja, kaeni penye watu na taa, simu mfukoni, basi. Pantoni ya Magogoni kwenda Kigamboni kwa miaka mingi imekuwa shilingi 200 kwa mtembea kwa miguu, yaani 800 kwa wawili kwenda na kurudi. Soko la Feri lipo palepale: nunueni samaki msiyewahi kumpika, mkampike wote wawili, na anayejua kupika akae kimya. Mechi ya ligi isiyo ya watani, jukwaa la mzunguko. Daladala ya njia msiyoijua, mpaka mwisho wa njia.

Zanzibar ni Forodhani, na huko jua linazama kweli baharini; ulizeni bei kabla ya kuelekeza kidole kwenye mshikaki, au kuleni urojo mitaani mje Forodhani mmeshiba. Mombasa kuna Mama Ngina, kwa viazi karai na mihogo yenye pilipili, na feri ya Likoni haitozi watembea kwa miguu. Nairobi kuna Msitu wa Karura, ule uliotetewa na Wangari Maathai na wenzake dhidi ya wanyakuzi wa ardhi, kwa kiingilio kidogo. Mwanza, kandoni mwa ziwa palipo na Jiwe la Bismarck. Wenye watoto wapeane zamu na jirani: leo wanalala kwako, mwezi ujao kwangu. Wasioweza kutoka kabisa wana bao, karata, na ule mto wa Profesa Aron.

Masharti ni machache. Kiasi kitajwe na wote wawili kabla ya kutoka, na kikiisha mnarudi. Mpangaji abadilike, mwezi huu mume, ujao mke, kwa sababu anayepanga peke yake daima hurudia yale anayoyapenda yeye. Mambo ya ada, paa linalovuja na shemeji asiyelipa deni yawe na siku yake nyingine. Na anayeendelea kulipa mkopo wa mtoko wa Februari aumalize huo kwanza kabla ya kupanga mwingine, na jioni ya leo amwambie mwenzake kwamba upo.